Nani Alipie Miaka Iliyopotea?

Jioni ya Desemba 3, 1957, msichana wa miaka saba aliyekuwa akicheza nje na rafiki yake alichukuliwa na mtu katika mji mdogo wa Sycamore, jimbo la Illinois, Marekani. Mwili wake ulipatikana mwaka uliofuata. Septemba 2012, karibu miaka 55 baadaye, jaji aliyesikiliza kesi peke yake alimtia hatiani Jack McCullough, mzee wa miaka 72 ambaye wakati wa tukio alikuwa kijana wa jirani mwenye miaka 18. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

McCullough alikuwa na kitu ambacho washtakiwa wengi wa kesi za zamani hawana: karatasi. Mwaka huohuo wa 1957 maafisa wa FBI walimchunguza, wakaandika alikokuwa jioni ile, na wakamwondoa kwenye orodha ya washukiwa. Kumbukumbu zilionyesha kwamba saa 12:57 jioni simu ya kulipiwa na mpokeaji ilipigwa nyumbani kwao kutoka Rockford, mji ulio zaidi ya kilomita 50 kutoka pale msichana alipochukuliwa. Lakini jaji alizikataa taarifa za FBI. Sababu ni kwamba ulikuwa ushahidi wa kuambiwa: walioziandika walikuwa wameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupanda kizimbani na kuhojiwa. Katika kesi hiyohiyo, maneno yaliyodaiwa kutamkwa na mama yake mzazi akiwa mahututi mwaka 1994 yaliruhusiwa kutumika dhidi ya mwanawe, ingawa mama naye alikuwa kaburini.

Akakata rufaa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Illinois ilifuta hatia ya utekaji, kwa kuwa muda wa kushtaki kosa hilo ulikuwa umekwisha zamani. Hatia ya mauaji ikabaki. Kilichomtoa gerezani hakikuwa rufaa. Mwendesha mashtaka mpya wa wilaya ile, Richard Schmack, alilipitia jalada upya, akazifuatilia rekodi za simu, na mwaka 2016 akaieleza mahakama kwamba mtu huyu hakuweza kuwa pale. McCullough aliachiwa Aprili 2016, na mwaka uliofuata mahakama ikamtangaza kuwa hana hatia.

Ukiisoma kesi hiyo kama mkasa wa mzee mmoja na jaji mmoja utakosa kiini chake. Jaji hakuvunja kanuni. Kanuni ya ushahidi wa kuambiwa ni ya haki, na imewaokoa washtakiwa wengi. Tatizo ni kwamba kanuni zote za kesi ya jinai zimetungwa kwa kudhani kwamba tukio na kesi vinakaa jirani: aliyeandika taarifa yupo, aliyeona anakumbuka, kampuni ya simu bado ina vitabu vyake. Ukivitenganisha kwa nusu karne, kanuni zilezile zinaanza kuulemea upande mmoja. Na mshtakiwa akifika kwenye rufaa na kulalamika, anajibiwa: tuonyeshe hasa ulichopoteza.

Hilo jibu ndilo ninalogombana nalo.

Tuwe wazi kwanza kuhusu jambo ambalo sina ugomvi nalo. Katika nchi nyingi kosa la mauaji halina ukomo wa muda wa kushtaki. Ujerumani iliuondoa ukomo huo mwaka 1979, baada ya mabishano marefu yaliyotokana na hofu kwamba wauaji wa enzi ya Nazi wangeponyoka kwa sababu tu miaka imetimia. Japani iliuondoa mwaka 2010 kwa mauaji yanayoweza kuadhibiwa kwa kifo. Nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwamo, hazina ukomo kwa kosa hili. Ni sawa kabisa. Aliyeua mwaka 1985 hajapata msamaha kwa kufanikiwa kujificha, na familia ya marehemu haijaacha kuwa familia. Lakini kuruhusu shtaka lifunguliwe baada ya miaka 40 ni jambo moja, na kuamua nani aumie kwa kilichopotea ndani ya miaka hiyo ni jambo jingine. Mahakama nyingi zimelijibu la pili kana kwamba jibu lake lilishapatikana kwenye la kwanza.

Zipo saa mbili katika kesi ya aina hii, na wanasheria wanazijua vizuri. Ya kwanza inaanza siku mtu anapokamatwa au kusomewa shtaka. Ya pili inaanza siku ya tukio. Haki ya kusikilizwa bila kucheleweshwa, hii tunayoikuta kwenye katiba na mikataba, kwa kawaida inahesabiwa kwa saa ya kwanza. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilisema hivyo bila kuficha katika kesi ya Marion mwaka 1971: kinga ya Marekebisho ya Sita ya Katiba haimgusi mtu ambaye bado hajakamatwa wala kushtakiwa. Kanada mwaka 2016, katika kesi ya Jordan, iliweka vikomo vya miezi 18 kwa mahakama za chini na 30 kwa mahakama za juu, na imeshaachia hata washtakiwa wa mauaji kwa sababu hiyo. Vikomo hivyo navyo vinahesabiwa kuanzia shtaka. Polisi wakikalia jalada miaka 30 kisha wakaendesha kesi kwa miezi 20 mahakama ya juu, hakuna kikomo kilichoguswa.

Hata ndani ya saa ya kwanza mambo si mepesi. Willie Barker wa jimbo la Kentucky, Marekani, alishtakiwa Septemba 1958 kwa mauaji ya wazee wawili, mume na mke. Serikali iliomba kuahirisha kesi yake mara 16 kwa sababu ilitaka kwanza mwenzake atiwe hatiani ili aje kuwa shahidi, na kesi za huyo mwenzake zilirudiwa mpaka zikafika sita. Barker alipanda kizimbani Oktoba 1963, akafungwa maisha, akakata rufaa hadi juu. Mwaka 1972 mahakama ikatoa vigezo vinne ambavyo vimenakiliwa dunia nzima: kuchelewa ni kwa muda gani, sababu ni nini, mshtakiwa aliidai haki yake lini, na utetezi umeumia kiasi gani. Kisha ikamwambia Barker ameshindwa. Maahirisho kumi na moja ya kwanza yalipita na yeye kimya. Alikuwa, kwa maneno mepesi, akiomba Mungu mwenzake aachiwe ili na yeye apone.

Nina huruma kidogo na Barker, si nyingi. Ila wakili yeyote anayeshika kesi ya zamani leo aikariri. Mahakama ya rufaa ikikuta kwamba hukuomba kesi isimamishwe kabla ya kuanza, hukulalamika kuhusu vielelezo vilivyopotea, hukutaja hata shahidi mmoja aliyefariki, itasema hoja ya kuchelewa umeivumbua baada ya kufungwa. Na mara nyingi itakuwa inasema kweli.

Kwa saa ya pili, ile inayoanza siku ya tukio, mlango ni mwembamba zaidi. Kesi ya Marion, na baadaye ya Lovasco mwaka 1977, ziliacha nafasi ndogo: kuchelewesha shtaka kunaweza kuvunja haki ya mwenendo wa sheria ulio wa haki. Lakini mahakama nyingi za shirikisho zinamtaka mshtakiwa athibitishe mambo mawili kwa pamoja: kwamba utetezi wake umeumia kweli, na kwamba serikali ilichelewa kwa makusudi ili ijipatie faida. La pili karibu haliwezekani. Majalada hayaandikwi "tusubiri shahidi wao afe". Majalada yanapotea, mpelelezi anahamishwa, mkuu mpya ana vipaumbele vyake. Uzembe hauna nia, na kwa kuwa hauna nia unasamehewa, hata kama ndio uliofuta kila kitu. Uingereza haidai nia mbaya kama sharti, lakini tangu uamuzi wa mwaka 1992 kuhusu ombi la Mwanasheria Mkuu imeshikilia kwamba kusimamisha kesi kwa sababu ya kuchelewa ni jambo la nadra sana, na ni mshtakiwa anayepaswa kuonyesha kwamba kesi ya haki haiwezekani tena.

Ajabu ni kwamba Mahakama ya Marekani yenyewe ililiona tatizo hili, na ikaliona vizuri. Mwaka 1992, kwa kura tano dhidi ya nne, ilimwachia Marc Doggett, aliyeshtakiwa mwaka 1980 kwa dawa za kulevya na kukamatwa mwaka 1988. Kwa miaka sita ya mwisho aliishi nchini waziwazi, akaoa, akasoma, akafanya kazi, na serikali haikuhangaika kumtafuta. Doggett hakuweza kutaja shahidi aliyempoteza. Mahakama ikasema hana haja ya kutaja: kuchelewa kupita kiasi kunaharibu uaminifu wa kesi kwa njia ambazo hakuna upande unaoweza kuzithibitisha, wala hata kuzitambua. Kwa hiyo madhara yatachukuliwa kuwa yapo, na serikali ndiyo iyapinge.

Huo ni ukweli mtupu kuhusu kumbukumbu na muda. Lakini unatumika kwenye saa ya kwanza tu. Kwa kuwa Doggett alikuwa ameshaandikiwa hati ya mashtaka, miaka minane na nusu ilimwokoa. Angekuwa hajaandikiwa hati, miaka hiyohiyo, na mingine 30 juu yake, isingemsaidia mpaka alete orodha ya vilivyopotea. Kumbukumbu za mashahidi hazijui kama hati ya mashtaka imesainiwa. Zinafifia kwa mwendo uleule.

Watetezi wa hali iliyopo wana jibu, na nalichukulia kwa uzito. Wanasema: mahakama haiachi mambo hivihivi, jaji anaonywa, na anapopima ushahidi anazingatia kwamba utetezi umebanwa. Mfano bora ni jimbo la New South Wales, Australia. Kifungu cha 165B cha Sheria ya Ushahidi ya huko kinasema wazi kwamba ikiwa mshtakiwa amepata hasara kubwa katika kujitetea kutokana na kuchelewa, jopo la raia wanaoamua kama mtu ana hatia lielezwe hasara hiyo ni ipi. Kinataja hata mifano: mashahidi waliokufa au wasiopatikana, vielelezo vilivyopotea. Ila kinaongeza kwamba kupita kwa muda peke yake hakuhesabiwi kuwa hasara kubwa, na kwamba jaji asiliambie jopo kuwa ni hatari kumtia mtu hatiani kwa sababu ya kuchelewa tu. Nyongeza hizo hazikuja kwa bahati. Mwaka 1989, katika kesi ya Longman, Mahakama Kuu ya Australia ilikuwa imedai onyo kali la aina hiyo, na watunga sheria hawakulipenda.

Kifungu hicho kilipimwa katika kesi ya Chris Dawson. Mkewe, Lynette, alitoweka Sydney Januari 1982, na mwili haujapatikana mpaka leo. Wachunguzi wa vifo, mwaka 2001 na tena mwaka 2003, walipendekeza mtu anayejulikana ashtakiwe. Ofisi ya mashtaka ikakataa mara zote mbili, ikisema ushahidi hautoshi. Mwaka 2018 podikasti moja ikaifanya kesi hiyo gumzo la dunia, na Desemba mwaka huo Dawson akakamatwa. Aliomba kesi isimamishwe kabisa, isiendelee tena. Alikataliwa, akapanda mahakama ya juu, akakataliwa tena, mpaka Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kumsikiliza. Jaji Ian Harrison, akikaa bila jopo, alimtia hatiani Agosti 2022 na kumpa miaka 24. Dawson alikuwa na miaka 74, na jaji mwenyewe alikiri kwamba huenda akafia gerezani. Juni 2024 majaji watatu wa rufaa walitupilia mbali rufaa yake kwa kauli moja, pamoja na hoja yake kwamba miaka 36 iliyopita hadi kukamatwa ilimwondolea nafasi ya kweli ya kujitetea.

Sisemi Dawson hana hatia. Ushahidi wa kimazingira dhidi yake ulikuwa mwingi na uliungana vizuri, na Harrison aliueleza kwa saa kadhaa mbele ya kamera. Ninachokiangalia ni namna hoja ya kuchelewa inavyoshughulikiwa ikifika juu. Swali linalotawala ni kama jaji wa chini alilijua tatizo na kulizingatia. Akiandika kwenye hukumu kwamba amelizingatia, mrufani amebakiwa na kazi ya kuonyesha kwamba hakulizingatia vya kutosha, kuhusu kitu ambacho hakipo, ambacho hakuna aliyekiona. Onyo linageuka kuwa aya ya lazima kwenye hukumu. Na jaji aliyejionya mwenyewe ni mgumu kumkosoa kuliko aliyelionya jopo vibaya, maana la jopo unalisoma kwenye kumbukumbu neno kwa neno, ila la kichwani mwake unalipokea kwa imani.

Hapo ndipo rufaa za kesi hizi zinapokufa. Mrufani anasema: simu alizonipigia marehemu zingeonekana kwenye rekodi, na rekodi zimeteketezwa. Jibu: huenda rekodi zingekuumiza. Ni kweli, huenda. Lakini katika kesi ya jinai "huenda" inatakiwa iwe mali ya mshtakiwa, ndiyo maana ya kuthibitisha pasipo kuacha shaka. Kwenye hoja ya kuchelewa, "huenda" inahamia kwa serikali bila mtu kutangaza kwamba imehama.

Wanaoshinda, basi, wanashindaje? Kwa kawaida kwa mlango mwingine. Michael Skakel alishtakiwa mwaka 2000 kwa mauaji ya jirani yake, Martha Moxley, yaliyotokea Connecticut Oktoba 1975, wakati wote wawili wakiwa na miaka 15. Alifungwa mwaka 2002. Rufaa yake ya kwanza ilibeba hoja ya muda: mwaka 1975, alidai, sheria ya jimbo ilitoa miaka mitano tu ya kushtaki kosa kama hilo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Connecticut iliikataa, na ili iikatae ililazimika kutengua uamuzi wake wa zamani na kusema kwamba mabadiliko ya sheria ya mwaka 1976 yaliyagusa hata mauaji ya mwaka mmoja nyuma. Skakel akarudi kwa hoja nyingine kabisa: wakili wake hakumtafuta shahidi ambaye angethibitisha kwamba alikuwa kwingine. Jaji akakubali mwaka 2013, mahakama ya juu ikakataa mwaka 2016, kisha mahakama hiyohiyo ikakubali Mei 2018, kwa kura nne dhidi ya tatu. Oktoba 30, 2020, miaka 45 kamili tangu mauaji, waendesha mashtaka walitangaza kwamba hawatamshtaki upya.

Angalia mzunguko huo. Kilichofanya kosa la wakili liwe zito ni kwamba mashahidi wa miaka ya 1970 walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na thamani. Kuchelewa kulikuwa ndani ya hoja, ila hakukutajwa kwa jina lake. Mawakili wenye uzoefu wanafanya hivyo makusudi: hawaandiki sababu ya rufaa isemayo "miaka 30 ni mingi". Wanaandika kwamba utambuzi wa picha ulipokelewa isivyo sahihi, kwamba nyaraka ya utetezi ilikataliwa, kwamba hitimisho kuhusu mwenendo wa mshtakiwa baada ya tukio halikuwa na msingi. Miaka inakuwa uzito unaoongezwa juu ya kila moja ya hizo. Ni ushauri mzuri kwa mrufani wa leo. Kwa mfumo wa sheria ni aibu kidogo, maana jeraha halisi linatibiwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Sababu moja ya woga wa mahakama ni tiba yenyewe. Marekani iliamua mwaka 1973, katika kesi ya Strunk, kwamba haki ya kusikilizwa mapema ikivunjwa tiba ni moja tu: shtaka lifutwe. Jaji anayejua kwamba akisema "ndiyo, haki imevunjwa" muuaji anayedhaniwa atatoka nje jioni hiyo, atatafuta kila njia asiseme. Kenya iliyapitia hayo kwa njia yake. Katiba ya zamani iliwapa polisi siku 14 kumfikisha mahakamani mtuhumiwa wa kosa la adhabu ya kifo. Kuanzia kesi ya Albanus Mwasia Mutua mwaka 2006, Mahakama ya Rufaa iliwaachia warufani waliozuiliwa kupita muda huo bila maelezo, hata pale ushahidi ulipokuwa mzito. Vilio vikawa vingi. Mwaka 2010, katika kesi ya Julius Kamau Mbugua, mahakama ikageuka: ukiukaji wa aina hiyo haumfutii mtu shtaka, anaweza kudai fidia. Kutoka yote hadi karibu sifuri kwa miaka minne.

Kati ya ncha hizo mbili kuna nafasi. Mabwana wa sheria wa Uingereza, waliokuwa majaji wa juu kabisa wa huko, walisema mwaka 2003 kwamba muda wa haki ukipita, tiba inaweza kuwa tamko, au fidia, au kupunguza adhabu, na kufuta kesi ni pale tu ambapo kesi ya haki haiwezekani tena. Napenda mpangilio huo kwa makosa mengi. Kwa mauaji una tundu kubwa: mahali ambapo adhabu ni moja tu kisheria, hakuna cha kupunguza. Tanzania sheria inamwamuru jaji atoe kifo kwa mauaji ya kukusudia, na Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilisema mwaka 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Kenya iliuondoa ulazima huo kwa uamuzi wa Muruatetu mwaka 2017, kwa hiyo jaji wa huko leo anaweza angalau kuitazama miaka iliyopotea wakati wa kupanga adhabu. Na hata hivyo, kupunguza adhabu ni dawa ya aliyesumbuliwa na kuchelewa. Aliyefungwa kimakosa kwa sababu ya kuchelewa haisaidii kitu. McCullough angepunguziwa miaka mitano ingekuwa dhihaka.

Kuna upande wa pili ambao unanizuia kupiga kelele sana. Si kila kuchelewa ni uzembe. Stephen Lawrence aliuawa London mwaka 1993, na wawili kati ya wauaji wake, Gary Dobson na David Norris, walitiwa hatiani Januari 2012. Katikati ya miaka hiyo sayansi ilikua. Doa la damu dogo mno kwenye koti la Dobson lilipatikana na kupimwa kwa mbinu mpya. Miaka 19 pale ilileta ushahidi, haikuufuta. Kwingine kuchelewa kunamnufaisha mshtakiwa mwenyewe. Ahmed Timol alikufa mikononi mwa polisi wa Johannesburg mwaka 1971, na serikali ya makaburu ikasema alijirusha dirishani. Uchunguzi wa kifo uliofunguliwa upya mwaka 2017 ulisema aliuawa. João Rodrigues, afisa wa zamani wa polisi, akashtakiwa mwaka 2018 akiwa na miaka zaidi ya 70 na akaomba kesi isimamishwe kwa sababu ya umri wa kesi. Mahakama zilimkatalia mwaka 2019 na tena mwaka 2021, huku zikikiri kwamba kesi za aina hiyo zilizuiwa kwa miaka na mkono wa wanasiasa. Alifariki Septemba 2021 kabla ya kusikilizwa. Serikali ndiyo iliyochelewesha, ndiyo, lakini kwa kuwakinga watu kama yeye. Kanuni inayosema tu "serikali ikichelewa, ilipe" ingempa Rodrigues zawadi.

Kwa hiyo pendekezo langu halipimi miaka. Linauliza serikali imekuja na nini. Ikiwa imeleta ushahidi ambao haukuweza kupatikana mapema, kipimo cha maabara, shahidi aliyekuwa akitishwa, kaburi lililogunduliwa, basi mzigo ubaki ulipo: mshtakiwa aonyeshe alichopoteza. Ikiwa imeleta jalada lilelile lililokuwa kabatini, pamoja na kumbukumbu za watu zilizozeeka, basi mahakama ichukue kwamba utetezi umeumia, kama ilivyofanya kwa Doggett, na serikali ioneshe kwamba haukuumia. Na ikiwa mshtakiwa mwenyewe, au waliomkinga, ndio waliosababisha kuchelewa, hana cha kudai.

Nyongeza moja ambayo naiona haina gharama kabisa: nyaraka rasmi zilizoandikwa wakati wa tukio zipokelewe zikiletwa na utetezi, hata kama mwandishi amefariki, pale ambapo ni serikali iliyosubiri mpaka akafariki. Kanuni ya ushahidi wa kuambiwa inamlinda mtu asihukumiwe kwa maneno ya asiyehojiwa. Serikali haihitaji kinga hiyo dhidi ya taarifa za maafisa wake yenyewe.

Kwenye rufaa tofauti ingekuwa ya kazi, wala si ya maneno. Majaji wasingeishia kuuliza kama jaji wa chini alijionya. Wangeuliza: serikali ilieleza miaka hii? Maelezo yake yana ushahidi? Kama hapana, hatia inasimama juu ya nini ukiondoa vile ambavyo utetezi haukuweza kuvijibu?

Waendesha mashtaka watasema kanuni hiyo itaua kesi zote za zamani. Haiui. Kesi ya Lawrence ingepita bila kutikisika, kwa kuwa doa lile lilikuwa jipya. Rodrigues asingepata alichotaka. Kesi ya McCullough ingekwama siku ya kwanza, maana kilichoongezeka tangu 1957 kilikuwa hasa maneno ya mgonjwa, madai ya wafungwa, na mtu aliyeulizwa kuhusu uso aliouona akiwa na miaka minane. Kwa Dawson nadhani serikali ingeshinda vilevile. Lakini ingelazimika kusimama na kueleza, mbele ya majaji, ni ushahidi gani iliokuwa nao mwaka 2018 ambao haikuwa nao mwaka 2003 ilipokataa kumshtaki.